Nilipoandika Kwamba Amehama

Mwaka ule mto ulipanda mara mbili, na mara ya pili maji yalikaa mashambani hadi mpunga ukaoza mizizi. Yalipotoka, chifu aliitisha baraza. Alisema serikali inataka kuhakikisha majina ya wazee wanaopokea pesa za wazee: nani bado yupo, nani amefariki, nani hakai tena hapa. Walihitajika vijana waliomaliza kidato cha nne na wanaojua kutumia tableti. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimekaa nyumbani tangu nimalize shule, kazi yangu kumsaidia baba kupanda upya migomba iliyosombwa. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema.

Tulifunzwa mjini Garsen, siku moja na nusu, katika ukumbi wenye feni mbili ambazo zote hazikuzunguka. Tukapewa fulana, kofia na beji yenye picha na namba ya karani. Namba ile niliishika kichwani kuliko namba ya kitambulisho changu. Beji niliivaa hata nikienda kuteka maji. Baba alicheka, lakini jirani walipokuja kusalimia nilimsikia akiwaambia kwamba binti yake sasa ni mtu wa serikali.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Kila mzee aliye kwenye orodha ulitakiwa umwone kwa macho yako, umpige picha, achape kidole, basi. Usipomwona, tableti ilikupa majibu matatu ya kuchagua: amefariki, amehama, hakupatikana. Ukichagua kwamba amefariki, ulitakiwa ulete barua ya chifu. Ukichagua kwamba hakupatikana, ulitakiwa urudi mara mbili nyingine na uandike sababu kila mara. Lakini jibu la amehama halikudai chochote. Ulibonyeza, ukurasa ukajifunga, ukaenda kwa mzee mwingine. Nililiona hilo siku ya kwanza kabisa. Nadhani sote tuliliona.

Kijiji chetu kiko upande wa Ngao, mwendo wa nusu saa kwa miguu kando ya mto. Wazee wengi niliwafikia kwa urahisi, maana mafuriko yalikuwa yamewaleta pamoja kwenye ardhi ya juu, nyumba za maturubai zikagusana. Aliyebaki ng'ambo ya mto alikuwa mmoja tu. Alikuwa mjane, nyumba yake imezungukwa na migomba na miembe aliyoiacha mumewe, na alikuwa amekataa kuhama hata maji yalipofika kizingitini. Alipandisha kitanda juu ya matofali, akapandisha kuku juu ya kitanda, akasubiri.

Lazima niseme alikuwa nani kwangu. Hakuwa ndugu wa damu, lakini nilimwita nyanya tangu nijue kusema. Nilipokuwa darasa la sita, mama alilazwa hospitalini miezi miwili na zaidi. Baba alikuwa akilala huko, na mimi na wadogo zangu tulibaki nyumbani wenyewe. Kila siku, bila kukosa, mwanamke huyu alivuka mto na sufuria iliyofungwa kwa leso. Wali, au ndizi za kupika, au samaki aina ya kambare aliyeungwa kwa nazi. Alivuka mto ukiwa chini na alivuka ukiwa juu. Alikaa mpaka tumalize kula, akaosha sufuria yake, akatuuliza masomo ambayo yeye mwenyewe hakuyasoma, kisha akarudi kwake akipiga kasia peke yake. Mama alipona. Mpaka leo anasema watoto wake walilelewa na mtu wa ng'ambo.

Mtu huyo ndiye niliyemwacha kuwa wa mwisho kwenye orodha, nikijiambia kwamba nitakaa naye siku nzima, nile kwake.

Siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa. Asubuhi nilirudia nyumba nne ambazo picha zake hazikutoka vizuri. Adhuhuri msimamizi alipiga simu kutoka Garsen.

"Umebakisha wangapi?"

"Mmoja tu."

"Mmalize, utume. Saa kumi mtambo unafungwa. Wewe ndiye unayechelewesha eneo lote."

Nilishuka kivukoni. Mvushaji hakuwapo, alikuwa amepeleka watu msibani upande wa juu wa mto. Mtumbwi mwingine ulikuwa umefungwa kwenye mti, na kasia limo ndani. Kupiga kasia najua, sote tunajua. Lakini maji yalikuwa bado na rangi ya chai nzito na yalikuwa na kasi, na wiki iliyotangulia mamba alikuwa amechukua mbuzi pale pale kivukoni. Nilisimama na tableti ndani ya mfuko wa plastiki, nikiogopa mto na nikiogopa kuangusha majini kifaa cha serikali.

Jirani mmoja alikuwa akisugua vyungu kwa mchanga. Nikamuuliza kama amemwona nyanya siku hizi.

"Yule? Nilisikia alikuwa aende Mombasa kwa bintiye, baada ya maji."

"Ameenda?"

"Nilisikia alikuwa aende," akarudia, bila kuinua macho.

Nilitazama ng'ambo. Juu ya migomba yake palikuwa na moshi, moshi mwembamba wa mtu mmoja anayepika chakula kidogo. Niliuona. Miaka yote hii nimejaribu kujiambia kwamba sikuuona vizuri, au kwamba nilidhani ni watu wanaochoma mkaa. Niliuona na nilijua ni wa nani. Halafu nikafungua tableti, nikalitafuta jina lake, nikabonyeza amehama.

Saa kumi haikuwa imefika. Msimamizi alinitumia ujumbe wa kunipongeza.

Pesa zilizofuata zilipotoka, nyanya alikwenda Garsen kama kawaida yake, amevaa gauni la kanisani na kitambulisho amekifunga pembeni mwa leso. Wakala wa malipo alimwekesha kidole kwenye mashine, akatikisa kichwa. Akamwambia arudi baada ya wiki. Akarudi baada ya wiki. Mara ya tatu alikuja nyumbani kwetu kabla ya kwenda kwake.

"Mjukuu wangu," aliniambia, "wewe uliwahi kufanya kazi na watu hawa. Hebu niulizie. Mashine inasema sina kitu."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mama alikuwa jikoni, baba yuko shambani, hapakuwa na mtu wa kutusikia. Yeye amekaa kwenye kigoda, amevua ndala, anajipepea na ncha ya leso. Nilifungua mdomo nikamwambia nitamsindikiza ofisini. Alinishukuru, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mama alitoka jikoni akamletea uji.

Tulikwenda pamoja, kwa pikipiki mpaka barabara ya lami, kisha kwa tuktuk. Ofisini foleni ilianzia ndani ikatoka mpaka kwenye kivuli cha ukuta. Mbele yetu alikaa mzee wa Kiorma, amejifunga shuka ya kijani, fimbo imelazwa magotini. Alikuwa ametoka mbali, huko ndani ndani, ng'ombe wake wote wamemalizwa na ukame uliotangulia mafuriko. Nyanya alimuuliza shida yake ni nini. Akamwonyesha vidole.

"Hii kamba ya kisima imekula," alisema. Vidole vyake vilikuwa laini kabisa, vimepitiwa na miaka ya kuvuta maji ya kunyweshea ng'ombe. "Mimi naweka kidole, mashine nasema mimi si mimi."

Walicheka pamoja, yeye na nyanya. Nyanya alifungua mfuko akamgawia maembe mawili. Wao waliendelea kuzungumza kwa Kiswahili kile cha kila mtu kuokota neno anakolipata, wakiulizana ng'ombe na mpunga, na mimi nilikaa katikati yao kama mtu aliyebanwa na mlango.

Karani wa ofisi alikuwa kijana mpole. Namkumbuka kwa sababu alisimama kumpa nyanya kiti chake. Alitafuta jina, akakunja uso, akageuza kompyuta kidogo upande wangu.

"Imeandikwa amehama."

"Nihamie wapi?" nyanya akauliza. "Mimi sijahama hata mto uliponitaka."

"Ndivyo mtambo unavyosema, nyanya."

"Na nani aliuambia mtambo?"

"Majina hayaonyeshwi. Kuna namba tu ya karani aliyekuja kwenu." Akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, kisha akanitazama. "Ndiye aliyepangiwa eneo lenu. Mnamjua?"

Nyanya alinigeukia akingojea nimjibie, kama alivyoningojea nimjibie mengine yote siku ile.

"Hapana," nikasema.

Kosa la kivukoni naweza kulieleza. Nilikuwa na woga, nilikuwa na haraka, nilikuwa mjinga. Hili la pili sina la kulisemea. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, kivulini, nimeulizwa swali moja, na aliyenilisha utotoni amekaa bega kwa bega nami.

Karani alieleza kwamba si jambo gumu sana, ila ni refu. Ijazwe fomu ya malalamiko, chifu aandike barua, kisha wangoje orodha ifunguliwe tena. Lini itafunguliwa hakujua. Nilijaza fomu kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Sehemu ya kueleza kilichotokea nikaandika: mhusika aliandikwa kimakosa kwamba amehama.

Njiani kurudi tulitoka kwenye lami tukapanda pikipiki. Ndipo nyanya akasema, akiwa nyuma yangu, mdomo karibu na sikio langu, "Huyo kijana aliyeandika, usimlaumu sana. Pengine alitoka mjini, akauogopa mto. Mto wetu unatisha kwa asiyeuzoea."

Nilifanya kana kwamba upepo umechukua maneno yake.

Barua ya chifu niliifuata mwenyewe. Fomu niliipeleka mwenyewe, na nilirudi Garsen mara tano au sita kuuliza, mara nyingine pamoja naye, mara nyingi peke yangu. Kijijini watu walianza kunisifu. Walisema ni watoto wachache siku hizi wanaomhangaikia mzee asiye hata wa ukoo wao. Mama alinibariki mbele ya watu. Kila sifa ilinifunga zaidi, kwa sababu kila aliyenisifu alikuwa mtu mmoja zaidi ambaye ningelazimika kumkabili siku nikisema ukweli. Hivyo ndivyo nilivyojieleza wakati huo. Sasa naona nilizipenda zile sifa.

Nimefikiri sana kuhusu zile pesa. Nimewasikia watu wenye mishahara wakisema ni ndogo, ni za kuwafanya wazee wawe wavivu. Hawajaona zilivyokuwa zikifanya kazi kwa mwanamke yule. Zilimfanya asiuze maembe yake yote kwa bei ya mnunuzi wa kwanza mwenye lori. Zilimpa heshima ya kukataa. Alinunua sukari akamkaribisha mgeni chai, alimlipa mvushaji akashukuriwa badala ya kumwomba huruma, na alinunua dawa zake za presha kwenye duka la dawa, siku zile alipozikosa za bure hospitalini. Hili la dawa sikulijua. Bintiye ndiye aliyekuja kuniambia baadaye, alipopata pakiti zimekatwakatwa kwa mkasi. Mama yake alikuwa akinywa siku moja, akiruka siku mbili, ili zifike mbali.

Walimkuta wanawake waliovuka kununua ndizi. Alikuwa ameanguka kando ya mafiga, anapumua, jicho moja wazi. Walimbeba kwa shuka mpaka kwenye mtumbwi. Mimi nilikuwa shambani naondoa magugu, nikasikia sauti kivukoni, nikakimbia. Nilipofika walikuwa wanampandisha ukingoni. Nilimshika miguu. Mguu mmoja ulikuwa na nguvu ya mtu anayepinga kubebwa, na wa pili ulikuwa kama si wake.

Hospitalini walifanya waliyoweza. Alitoka baada ya wiki tatu, upande wa kulia umelala na maneno yamempotea. Alikuwa akitoa sauti, na sauti zile zilikuwa na mapigo ya mazungumzo, za kuuliza, za kuamrisha, hata za mzaha, lakini hakuna neno lililokuwa neno. Bintiye aliacha kazi ya nyumba za watu Mombasa akarudi kumlea. Alikuwa akisomesha watoto wawili kwa kazi ile. Mmoja aliacha shule muhula uliofuata, na wa pili akahamia kwa shangazi yake Kipini.

Nilikaa wiki moja bila kwenda kumwona, nikakaa ya pili. Siku moja asubuhi nilivuka peke yangu, kwa mtumbwi ule ule uliofungwa mtini. Bintiye alikuwa amekwenda kufua. Nyanya alikuwa amekalishwa nje, mgongo kwenye ukuta, shuka magotini. Nilipiga magoti mbele yake.

"Nyanya," nikamwambia, "ni mimi niliyeandika umehama. Namba ile ofisini ilikuwa yangu. Siku ile nilifika mpaka kivukoni na niliona moshi wako."

Alinitazama muda mrefu. Kisha akaanza kulia, machozi mengi, mdomo umevutwa upande mmoja, na akasema kitu, kirefu, chenye vituo na mkazo, akipiga paja lake kwa mkono wa kushoto. Nilimwomba arudie. Akarudia. Sikuelewa hata silabi.

Bintiye aliporudi na ndoo ya nguo alimkuta mama yake bado analia na mimi nalia. Akaiweka ndoo chini akamfuta uso.

"Usijali," akaniambia. "Tangu augue, analia kwa kila kitu. Jana alilia kuku akitaga."

Hivyo sijui. Pengine alinisamehe, pengine alinifukuza, pengine alinieleza mahali penye maembe mabivu. Maneno yangu yalimfikia alipokuwa hana tena uwezo wa kunijibu, na najua kwamba kuchelewa kule kulinifaa mimi. Bintiye nilimwambia pia, siku ile ile. Hakupiga kelele. Alianza kuanika nguo, akaanika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwishowe akasema, "Na ulikuwa unakuja hapa kunywa chai yake." Hajaligusa tena jambo hilo, na hajanikaribisha chai tena.

Jina lilirudishwa miezi minne baada ya hapo. Ujumbe uliingia kwenye simu ndogo ya mgonjwa, bintiye akaniletea nimsomee. Pesa sasa zinanunua dawa na nepi za mtu mzima, na zinafika kwa mtu asiyeweza kumwambia wakala asante.

Mwaka jana chifu alitaka makarani tena. Nilikwenda kwake ofisini nikamweleza yote, kivuko, moshi, namba. Nilitaka aniandike mahali, anikaripie, aniite mbele ya baraza. Alinisikiliza akiwa anatia sahihi barua za watu.

"Mambo hayo yamepita," alisema. "Na mama si alirudishwa? Wewe una uzoefu. Kazi inaanza Jumatatu."

Nilikataa. Niliondoka pale nikijiona nimefanya jambo safi. Kazi alipewa binti mwingine, mwepesi, mwenye haraka, na niliposikia amemaliza eneo lote siku mbili kabla ya wakati, nilishindwa kula. Ningeweza kuwa mimi niliyevuka safari hii. Ningejua ni nyumba zipi hazionekani kutoka njiani. Badala yake nilikaa nyumbani na usafi wangu. Nilikwenda kumuuliza binti yule kama aliwaona wote kwa macho. Alisema ndiyo. Alisema haraka, nami sikuwa na haki ya kumuuliza mara ya pili.

Siku za Alhamisi bintiye huenda sokoni, na ananiruhusu nikae na mama yake mpaka arudi. Hilo ameliruhusu. Namnywesha maji, namgeuza atoke juani. Mkono wake wa kulia umejikunja ngumi, na kucha zisipokatwa zinachimba kiganja. Nauloweka katika maji ya vuguvugu, nafungua kidole kimoja, nakata, nakiachia kirudi, nafungua kingine. Inamuuma, najua, kwa sababu anakaza shingo. Huwa anazungumza wakati ninafanya hivyo, na siku hizi nimeacha kumwomba arudie.